Koili ya Waya wa Breki

Nilikuwa nikiishi na mama mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, chumba kimoja tulichokigawanya kwa pazia, na nilikuwa nimevuta sigara miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa Kariobangi, kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Mama aliuza nguo za watoto katika soko la Gikomba. Kifua kilianza kumsumbua wakati wa baridi, na baridi ilipoisha kikohozi kilibaki. Nikampeleka kliniki. Daktari alimsikiliza mgongoni, kisha akauliza kama kuna mtu anayevuta sigara nyumbani.

"Hakuna," mama akasema.

Hakuniangalia. Tulirudi kwa miguu, yeye akisimama kila mara kuvuta pumzi. Jumamosi hiyo nilinunua vepu, ile sigara ya umeme inayotoa mvuke badala ya moshi, nikamwambia ndiyo itanisaidia kuacha polepole. Akaigeuza mkononi.

"Kama kalamu," akasema. "Haya. Lakini vutia nje."

Nilikaa miezi miwili bila kugusa sigara. Kisha bosi akanituma kaskazini, mbele ya Marsabit, mahali ambapo pampu ya kisima cha mifugo ilikuwa imekufa. Tulikwenda wawili, mimi na dereva, mzee wa Ukambani, mtu wa kanisa, aliyekuwa na mazoea ya kuchonga vijiko vya mti kila gari liliposimama. Kazi ilikuwa ya siku tatu. Niliisuka mota chini ya turubai, na siku ya tatu tulipoiwasha, sanduku la kuongozea umeme likaungua. Dereva aliendesha gari hadi kilimani kutafuta mtandao. Bosi akasema atatuma sanduku jingine kwa lori, tungoje.

Kungoja kule kunachosha kuliko kazi. Kila asubuhi wenyeji walifika na punda wao, wakaliangalia bomba kavu, wakatuangalia sisi, wakageuza punda. Hawakulalamika. Afadhali wangelalamika. Nilishinda chini ya turubai nikivuta vepu, na siku ya tano ikanijaza mdomo ladha ya kitambaa kilichoungua.

Nilijua ni nini. Ndani yake mna koili, kikopo kidogo cha chuma chenye waya uliozungushwa na pamba inayonyonya maji ya vepu. Waya ukipata moto, maji yanakuwa mvuke. Pamba ikikauka inaungua, na huwezi kuvuta tena. Nilikuwa nimebeba chupa mbili za maji yake na sikubeba koili ya akiba hata moja. Duka la karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima, na lilikuwa na sukari, sabuni, betri za tochi na sigara za kuuzwa mojamoja.

Nilikibomoa kile kikopo kwa koleo. Nilikuwa na shaba nyingi iliyobaki kwenye mota, kwa hiyo nikaanza na shaba. Kifaa kikapepesa taa mara tatu, kikakataa. Shaba haiuzuii umeme vya kutosha ili ipate moto, na betri ikaona ni kama nimegusanisha nyaya. Hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza Kariobangi. Nilijaribu tu kwa sababu ya uchovu.

Dereva alinikuta nikipekua chini ya kiti chake.

"Unatafuta nini kwa gari yangu?"

"Waya wa chuma, mzee. Mwembamba sana."

"Ni wa hiyo kalamu yako?"

"Ndiyo."

"Mimi sivuti, na sipendi wanaovuta. Lakini tangu hiyo kalamu ife unanifokea hata kwa sababu ya chumvi." Akafungua sanduku lake la vifaa, akatoa kipande cha waya wa breki ya pikipiki, ule uliosokotwa kwa nyuzi nyingi, pamoja na biti yake ndogo kabisa ya kutobolea mbao. "Zungushia hapa. Ukiivunja hiyo biti, utatembea hadi Nairobi."

Nilichambua uzi mmoja, nikauzungusha kwenye biti mara sita, kama ninavyosuka mota, ila hii ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Pamba niliitoa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikaichemsha kwenye sufuria ya chai, nikaianika juu ya boneti. Jioni mvuke ukatoka. Ulikuwa mwepesi na wenye ladha ya kijiko cha kutu, lakini ulitoka. Dereva alitazama akatikisa kichwa, nikaona hata yeye amefurahi kidogo.

Koili hiyo ilikatika kesho yake mchana. Nikatengeneza nyingine, ikafa kabla ya jua kutua. Ya tatu ilinikereketa koo hadi nikakohoa nikiwa nimeshika mlango wa gari. Ya nne ilinitemea maji ya moto kwenye ulimi. Nikaketi na vidole vyenye malengelenge, nikajiuliza ninachokiokoa ni nini hasa. Kisha nikaondoka kwenda dukani.

Nilinunua moja. Mwenye duka aliniwashia, nikaivutia nyuma ya duka, juani, nimesimama. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Nilipoimaliza sikuwa na furaha wala majuto, ila usingizi tu.

Dereva alikuwa akichonga niliporudi. Hakuinua macho.

"Umefika dukani."

"Nimefika."

"Umevuta ngapi?"

"Moja."

"Ungeleta na majani ya chai. Yameisha."

Siku zilizobaki sikuvuta chochote. Nililala, nikaamka na hasira, nikalala tena, na yule mzee akanivumilia. Lori lilileta sanduku, tukalifunga, maji yakatoka ya udongo kwanza kisha safi. Mama mmoja alinawa uso, akajaza madumu yake, akaondoka na punda.

Nyumbani, mama alinusa ovaroli kabla ya kuiloweka.

"Hii ni sigara."

"Ni moja, mama. Koili iliungua. Nilijaribu kutengeneza nyingine kwa waya wa breki."

"Waya wa breki ya nini?"

"Ya pikipiki."

"Ukaweka mdomoni?"

"Mvuke wake."

Aliketi kitandani, ovaroli mapajani, akanitazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu. "Na anayepelekwa kliniki ni mimi," akasema. Kisha akaenda kuchota maji.

Mjini nilinunua koili halisi, nikaendelea na vepu miezi mingine kadhaa. Sikuiacha kwa kiapo. Jumatatu moja kazini nilikumbuka kuwa sijaichaji tangu Alhamisi, na sikuichaji tena. Kikohozi cha mama kimepungua, hakijaisha. Bado anauza Gikomba, siku hizi akiwa ameketi, na jioni mimi ndiye ninayembebea bunda la nguo.