Kurasa Tatu za Mwisho

Shangazi yangu hujalidi vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba, na ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake cha kazi. Uchawi haamini hata chembe. Zile riwaya za karne ya kumi na tisa, za watu wanaokunywa dawa ili wasife, anaziita upuuzi wenye jalada zuri.

Msomaji wake sugu ni fundi cherehani mstaafu, mzee mbishi wa kutupwa. Mwezi mzima alikuwa na riwaya moja kuukuu ya bwana aliyekunywa dawa ya uzima, akazika wake wanne, na sasa anaomba kufa. Alhamisi mzee akatuvamia, akamfokea shangazi.

"Binti, mwisho uko wapi? Kesho nalazwa, Jumamosi napasuliwa moyo. Nikifa bila kujua kama yule bwana alikufa, nitakusumbua!"

Kweli, kurasa tatu hazikuwemo. Shangazi akaanza kupapasa migongo ya vitabu rafuni, nami nikajua kuna jambo. Zamani, karatasi zilipoadimika, alikuwa akichukua kurasa zilizochomoka na kuzibandika ndani ya migongo ya vitabu vingine ili iwe imara.

"Ulizibandika kitabu gani?" nikauliza.

"Ningejua ningekuwa nimekukodolea macho?"

Tulipasua migongo kumi na saba. Zikapatikana kwenye wa kumi na nane, kitabu cha ufugaji wa kuku. Akazisoma, akazitia mfukoni mwa aproni. Asubuhi yake mzee akapita na mkoba wa hospitali.

"Umezipata?"

"Nimezipata. Zichukue ukitoka."

"We mwanamke! Nipe sasa!"

"Sikupi ng'o. Unazitaka, rudi."

Nilimkasirikia shangazi, sikufichi. Jumamosi alikata karatasi zote upande. "Bora ningempa tu," akasema, akalia waziwazi.

Wiki ya tatu mlango ukasukumwa. Mzee amekonda, ana fimbo, mkono ameunyoosha. "Lete!"

Akasoma amesimama. "Kumbe alikufa, maskini. Haya, nipe kingine."

Shangazi akampa. Safari hii mzee akaanza kukagua nyuma.

"Mchawi wewe! Kurasa tatu hazimo!"

"Zipo," akasema shangazi, akipapasa mfuko wa aproni. "Kliniki yako si mwezi ujao? Ukitoka huko, pitia."