Bandeji ya Fundi Masoud

Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye cherehani, Fundi Masoud alifungua bandeji akakitazama kidonda chake cha kisukari. Kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mguu ule ule wa kukanyagia pedeli. Mtu akija kumjulia hali, hata kama kafuata kanzu yake tu, alionyeshwa. Kibarazani kwa Fundi, pale mtaani Dunda, mgeni hakunyimwa kahawa wala kidonda.

Nesi Wahida wa zahanati alishamweleza. "Vijidudu hivi, baba, havikai uchi. Vimejitandia ute juu yao, kama koti lenye bitana. Ukimwaga dawa juu, haivifikii vyote. Sasa huo utando nimeukwangua. Kitambaa hiki kina madini ya fedha, yanayeyuka kidogo kidogo kwenye majimaji ya kidonda, yanaviua kabla havijajishonea koti jingine. Siku tatu usikiguse. Ukifungua, unaviingiza vipya."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia. Kesho yake akafungua kidogo tu, akafunga.

Siku ya tatu Fundi alijikongoja na fimbo yake hadi zahanati. Wahida aliugeuza mguu, akaanza kucheka. "Nani kafunga hapa?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi nafunga kama mtu anayekimbilia basi la Msata. Hii imekunjwa pindo, ncha zimelingana. Baba, hapa umefunga kidonda au umeshona kanzu ya bwana harusi?"

Fundi akainama. Miaka thelathini ya kushona hajaweza kuacha kitu kimekaa upande, na leo umaridadi wake umemuumbua.

Alipofungua, Wahida aliacha kucheka. Utando umerudi. Daktari alishasema: kikiendelea hivi, kidole kitakatwa. Fundi akaiona akilini pedeli yake, na mguu usio na cha kusukumia.

Akakwanguliwa tena, akafungwa. Jioni jirani yake, Bi Esha, akaja. "Haya, tukione."

"Leo hakionekani."

"Makubwa! Uzee huu ndio umeanza kuona haya?"

Fundi akanywa kahawa. Plasta ilikuwa imejikunja ukingoni, bandeji imekwenda upande. Mikono ilimwasha. Akaikalia.

Wiki ya saba kidonda kikafunga. "Lakini Alhamisi uje nikuangalie," Wahida alisema.

"Inshallah, mwanangu."

Akasimama, akajaribu kidole sakafuni mara mbili tatu, kama anakanyaga pedeli, akatoka. Alhamisi hakuja, wala iliyofuata; alikuwa kibarazani kwake, anakanyaga pedeli. Fimbo yake bado imeegemea nyuma ya mlango wa zahanati.