Wingu la Siku ya Harusi

Mvua ya Septemba iliyeyusha chumvi yote ya mama yangu, lundo zima la msimu, nasi tukasimama tukiitazama ikirudi baharini. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, watu wa kawaida kama yeye walipoanza kukodi majaruba ya chumvi, vile vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, nje kidogo ya Lindi. Tangu utoto wake kiangazi kilikuwa kiangazi. Baada ya siku ile hakukiamini tena.

Mwaka uliofuata aliacha chakula kila wingu lilipopita. Aliwahi hata kuondoka msibani. Siku hizi tunasema mabadiliko ya tabianchi. Wakati ule tulisema tu kwamba mama ana wasiwasi, tukamcheka.

Msimu huohuo dada yangu aliolewa na kijana wa Kitomanga. Alasiri, bibi harusi akisubiri mkono wa mama kichwani na neno la radhi kabla hajaondoka, wingu jeusi likajitokeza upande wa bahari. Mama akatoka mbio na kanga zake mpya. Mimi, mwanawe wa kiume, nikatumwa kumfuata.

Nilimkuta anafunika chumvi kwa makuti. Jirani yake wa jaruba la pili, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa akimsaidia huku akimtania.

"Shoga, wingu hilo limekuja kukuposa wewe?"

Mama akavuta kuti jingine.

"Mama, wakwe wanataka kuondoka," nikasema. "Barabara mbovu, wanaogopa giza."

"Mwambie radhi yangu anayo. Yote."

"Anataka akuone."

"Mwanangu, siwezi. Nikija huko nitakaa tu kama kivuli, macho yangu yatabaki huku."

Nilirudi na maneno hayo. Dada aliyasikiliza akiwa tayari ndani ya gari.

"Alisema akicheka au akilia?" akaniuliza.

Nikamfungia mlango. Gari likaondoka.

Wingu likapita. Halikudondosha hata tone.

Kesho yake wanawake wa majaruba walikuja nyumbani wakapanga zamu: mmoja atazame mbingu, wenzake wapumzike. Zamu hizo ndizo zilizomrudishia mama usingizi, ingawa si siku ile.

"Harusi ijayo wingu tutakulindia sisi," jirani alimwambia.

Mama alikuwa akifua kanga zilizokakamaa kwa chumvi. Hakuinua uso.

"Binti nilikuwa naye huyo mmoja," alisema.