Baba Mkwe Ndani ya Kontena

Mimi nina mdomo. Ndiyo maana bosi wetu pale mpakani, alipotafuta mtu wa kusimamia usalama wa wafanyakazi, hakuhangaika. "Kelele unapiga kila siku," alisema, "sasa zipige kwa faida." Nikakabidhiwa kizibao cha kung'aa, kipima gesi, na makuli wa kushusha mizigo ambao ni kama wametia pamba masikioni.

Kiongozi wa makuli hao ni baba mkwe wangu. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja, anaacha njia, hata kama ni kuingia kwenye migomba ya watu. Haongei naye, hamtazami. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini yule mzee hajalegeza hata kidogo. Tangu niolewe hatujawahi kusemezana. Nikisikia kikohozi chake sokoni, nabadili kichochoro. Na nampenda, jamani! Kila mavuno anatuletea mchele wa Ngonga, anautua mlangoni na kuondoka. Mume wangu ndiye hunipelekea "ndaga" yangu, yaani asante.

Kazini tuliishi hivyo hivyo. Nikiingia uwanjani, kuli mmoja anapiga mluzi, mzee anajificha nyuma ya lori. Nikifundisha, yeye anasimama nje ya dirisha, kanipa mgongo, anasikiliza. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Haikunijia hata siku moja kwamba mluzi ule ungeweza kuua mtu.

Asubuhi moja likafunguliwa kontena la soya kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani. Mizigo ya namna hiyo hutiwa vidonge vya kuua wadudu, na vidonge hutoa gesi. Mlango ukishafunguliwa, lazima hewa ipite kwanza, kisha nipime, ndipo watu waingie. Nikawa nakuja na kipimo changu mkononi, nikasikia mluzi. Mzee alikuwa mlangoni kabisa, hana pa kukimbilia. Akazama ndani, nyuma ya magunia.

Mimi, afisa usalama, ndiye niliyemswaga kwenye sumu! Nilipokaribia mlango, kipimo kikaanza kulia.

"Mwambieni atoke!" niliwafokea makuli.

"Ondoka wewe kwanza, dada," mmoja akajibu akicheka. "Ukiwapo hapo hatoki ng'o."

Nikarudi nyuma mbio. Wakamwita, "Mzee, ameshaenda!" Lakini alikuwa bado akisikia kipimo kinalia mkononi mwangu, akajua nipo. Hakutoka. Kuingia kumvuta sikuthubutu. Aingiaye bila barakoa anakuwa maiti wa pili, na hilo nimelifundisha mpaka mate yamenikauka. Halafu nikamsikia anakohoa. Kikohozi kile kile cha sokoni, ila sasa kilikuwa kinakatika katika.

"Baba!" nilipiga ukelele. "Baba, toka nje! Utakufa humo! Nakuomba baba wee, toka!"

Makuli wote wakageuka kunitazama. Mwanamke kamwita mkwewe kwa kinywa chake mwenyewe, mbele za watu.

Akatoka, kofia kaishusha usoni, anayumba. Makuli wakamdaka, wakampeleka kwenye upepo, kisha hospitali. Huko akawekewa oksijeni. Mimi nilikaa nje ya wodi nikilia kama mtoto, kwanza kwa hofu, halafu kwa aibu. Nilijua yuko hai, lakini niliona nimemvunjia heshima aliyoilinda maisha yake yote.

Mama mkwe akatoka, uso umekunjamana.

"Mama, amesema nini?"

"Anadai ndizi. Halafu anasema kumbe mkamwana wetu ana sauti kama kengele ya kanisa." Akashindwa kujizuia, akacheka, nami nikacheka huku machozi yakinitoka. Ndizi nilizipika mwenyewe jioni ile.

Aliporudi kazini, jambo la kwanza alipiga marufuku mluzi. Siku hizi kontena likifunguliwa, yeye husimama mbali kidogo na mlango, upande upepo unakotoka, mikono kaitanua, na hakuna kuli wa kumpita. Mgongo bado ananipa. Napima, nasubiri, napima tena.

"Baba, hewa ni safi."

"Ndaga, mwanangu," anajibu, macho yake kwenye soya.