Shavu na Tomoko

Viganja vya mchonga vinyago wa Donholm vimeota sugu za patasi hata havitofautishi tunda gumu na laini. Kwa hivyo kila asubuhi mzee huyo huenda kwenye mtomoko wake nyuma ya nyumba, akaegemeza tunda shavuni, akafumba macho. "Bado," huliambia. Jirani yake Mideva, akianika nguo ng'ambo ya ua, humcheka kimoyomoyo.

Wiki hii mke wa mzee ameshikwa na homa, hataki kula. Leo Mideva amemwona mzee barazani akimwegemezea mkewe shavu lile lile kwenye paji la uso, macho amefumba. Mideva akabaki na shuka mbichi mkononi.

"Imeshuka," mzee akasema.

"Na tomoko?" mkewe akauliza.

"Liliiva jana. Ni wewe tuliyekuwa tunakungoja."