Nyuma Yetu Hakuna Mtu

Jumamosi nilikaa kando ya bwawa, nje ya Kitale, kutazama klabu ya kupiga makasia ya shule moja ya hapa. Ilianza na mashua moja iliyovuja. Sasa kabati la mwalimu mkuu limejaa vikombe. Wapinzani wao, wasichana kutoka Bungoma, walikuwa wapya katika mchezo huu.

Mama mmoja wa Kanduyi, mzazi wa msichana mmoja wa Bungoma, alipoona wapiga makasia wameketi wakitazama walikotoka, akamshika mwalimu wao mkono. "Mwarimu, mbona watoto wamepea mwisho mgongo? Watajuaje kama wanashinda?"

"Mama, wakiwa mbele, wataona wale wamewaacha nyuma."

Wenyeji wakashinda. Wasichana wa Bungoma wakafika baadaye sana, makasia juu, wakishangilia.

"Tumeshinda, bana! Nyuma yetu hakuna mtu!"

Nikawapigia makofi. Nimeona wakubwa wengi wakishangilia hivyo hivyo, na kasia hawajawahi kushika.