Saruji Juu ya Tofali Bichi

Rafiki yangu, nakwambia wewe kwa sababu najua hutanicheka.

Msikiti wetu wa zamani hapa Tukuyu ni wa matofali mabichi, wa tangu enzi za Mjerumani. Bibi alituhadithia kuwa tetemeko liliwahi kuupasua, watu wakaziba nyufa. Baadaye paa la nyasi likatolewa, likaja bati. Lakini kwa mvua za huku, kilichoushikilia ni mikono ya wanawake. Kila mwaka mvua kubwa zikiisha tulishuka bondeni Ibighi, tukachimba udongo, tukasiriba kuta zote. Ukuta ukilowa, unakauka.

Kisha serikali ikafungulia biashara huria. Saruji ikajaa madukani, na tajiri mmoja akatoa sadaka lori zima. Kamati ikaamua kuta zipigwe plasta. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwamkia, nikamweleza kwamba tofali bichi ukilifunika kwa saruji, maji yakiingia hayatoki.

Akanijibu mbele ya watu, "Mama, nyie mmezoea kusiriba kwa mavi ya ng'ombe. Hii ni nyumba ya Mungu."

Wakacheka. Nyumbani ni kweli tunachanganya mavi ya ng'ombe. Msikitini hatujatia hata siku moja, ni najisi, na mama zetu walilijua hilo kabla yake. Tulitia nyasi za kukatakata na maji ya mgomba. Nikamwambia.

"Nani aliwaona?" akasema.

Mkewe mwenyewe alikuwa anakanda udongo na sisi. Mwenyekiti hakumuuliza hata yeye.

Plasta ikapigwa, ikapendeza. Mvua za mwaka wa pili, ukuta wa kibla ukaanza kuvimba. Mimi nimesoma shule ya jioni, ukubwani, lakini kuandika najua. Nikaiandikia kamati barua. Wakasema imepokelewa.

Asubuhi moja watu wametoka kuswali, ukuta ukaanguka, mihrabu yote chini. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Nilipochungulia, nyuma ya ile plasta udongo ulikuwa uji.

Upande ule wamejenga kwa matofali ya saruji. Kuta tatu za zamani bado zimefunikwa, na mmoja nikiugonga unalia kama debe tupu. Kila Ijumaa nawaomba waibandue plasta, sisi tusiribe. Wananiambia nisubiri kikao. Nasubiri, na Ijumaa nitauliza tena.

Wewe usisubiri. Popote unapojua kuna msikiti wa udongo, au kanisa, wasimulie haya kabla lori la saruji halijafika.